Umegongewa Gari Ole: Namna ya Kushindwa kwa Faida

Umeegesha kando ya barabara kuu ya Ole, Pemba, umeingia dukani kuchukua mkate. Unatoka: taa ya nyuma iko chini vipande vipande, bati limebonyea, na aliyerudi rivasi anajifanya anatafuta kitu ndani ya gari lake. Tulia. Fidia kamili hutaipata. Likubali hilo mapema, kisha nifuate, nikuonyeshe cha kuachia na cha kung'ang'ania.

1. Toa salamu kwanza. Ukimfokea atakana, hata kama rangi ya gari lako iko kwenye bampa lake. Muulize hali, watoto, kazi. Kisha mwambie, kwa sauti ya kusikika barazani, "Sheikh, wewe mtu mzima, najua hutaniacha hivi." Hapo ameshikika. Nani atakubali kuondoka kama mtoto mbele ya wanywa kahawa? Huku akijibu, piga picha: namba yake ya Z, magari yalivyosimama, na hati yake ya bima. Usiisahau hati. Ina jina la kampuni na tarehe ya kuisha, na uhalali wake unaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.

2. Tazama umegongwa na nini. Ikiwa ni gari, bima ya aliyekugonga ndiyo ya kudaiwa, si yako. Ikiwa ni bodaboda, mtafute mwenye chombo; kijana anayeendesha huenda hana hata mafuta ya kesho. Ikiwa ni gari la ng'ombe, sahau bima, muulize mwenyewe kama ana mikarafuu. Kama anayo, mpe muda mpaka karafuu zitoke kwenye majamvi na ZSTC, shirika linalozinunua, limlipe. Deni la msimu hulipika kuliko deni la leo jioni.

3. Mwite sheha. Karatasi moja, majina mawili, saini, tarehe ya kulipa. Mtu akiumia, hata mkwaruzo wa goti, acha njia zote za mkato: polisi kwanza.

4. Usichukue pesa. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Atakupa nusu, utasema asante, na mpaka jioni zimegeuka samaki na vocha. Mwambie mwende wote wawili kwa fundi wa bodi, na bei aitaje fundi. Fundi atagonga bati kwa ndani, atapaka puti, atapiga msasa wa maji mpaka kiganja kikipita kisikwame. Kisha atachanganya rangi, nayo haitafanana. Iachie hiyo. Mwambie mgongaji, "Rangi nimekusamehe," naye ataondoka kifua mbele kwa kupunguziwa.

Taa usiisamehe. Ole usiku ni giza, na gari lisilo na taa ya nyuma litagongwa tena, pengine na kijana wa bodaboda atakayepoteza mguu. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na taa kama hiyo huenda isipatikane Chake Chake. Itabidi iagizwe Unguja au Dar es Salaam, ishuke Mkoani kwa boti. Basi mgongaji amtumie mwenye duka la spea pesa kwa simu, wewe ukiwa umesimama hapo hapo.

5. Usipachike majeraha ya zamani. Najua unautazama ule mlango uliokwaruzika tangu mwaka jana. Ole nzima inajua aliyeukwaruza. Ukiuingiza kwenye hesabu, sheha atamhurumia yeye.

6. Uharibifu ukiwa mkubwa, nenda kwenye bima. Shirika la Bima la Zanzibar lipo tangu 1969, na utaratibu wa kampuni zote unafanana: ripoti ya polisi, makadirio ya fundi, mkaguzi aje kulitazama gari. Usiguse bati kabla ya mkaguzi. Ukilinyoosha umejifutia ushahidi. Wakikuzungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya 2009.

Sasa nenda kasome tarehe kwenye hati ya bima yako mwenyewe. Ikiwa imepita, kakate bima mpya leo, kwa sababu kesho anayerudi rivasi bila kutazama anaweza kuwa wewe.