Kiboko Havai Tai
Ukitaka kujua nani mwenye akili Sitalike, Katavi, subiri Oktoba, mvua zikiwa bado hazijafika na Mto Katuma umebaki vidimbwi. Saa saba mchana viboko wamelundikana matopeni, pua juu, hawana habari na mtu. Malishoni wataenda usiku. Ngozi yao hutoa ute mwekundu unaopunguza makali ya mionzi ya jua, kwa hiyo hata mafuta ya dukani hawanunui. Sisi, saa hiyohiyo, tumekaa mkutanoni chini ya turubai na suti zetu, tai imekaza shingo, tukimsubiri mgeni rasmi aliyetarajiwa saa tatu asubuhi. Yeye yumo garini na kiyoyozi chake.

Atasema mtu kwamba kiboko hana ofisi wala ada ya shule. Kweli. Tena vidimbwi vikipungua madume hung'atana mpaka damu, basi tusiharakishe kumpa udiwani. Lakini jua la nyuzi 6 na ushei kusini mwa Ikweta halikuhamia Katavi jana, na bado tunaezeka bati tupu bila dari, kisha lawama tunaipa hali ya hewa. Bati, nakubali, halishiki moto kama nyasi na linakinga maji ya mvua. Ila halikumzuia fundi kuacha matundu ya hewa, wala halikuamuru mwembe wa uani ukatwe kuni. Na mkutano haukuezekwa bati: ungeweza kuanza saa moja asubuhi, isipokuwa mgeni rasmi angekuwa bado hajanywa chai.