Muulizeni Shangazi

Nimetoka Kuluba gizani, nimebanwa kwenye teksi iliyokataa kuondoka Koboko mpaka ijae, ikajaa, halafu ikajaa tena. Nimefika Arua shati limejikunja kama jani la tumbaku. Nimeketi kwenye usaili wa kazi mbele ya watu watatu, na yule wa katikati, mwenye miwani, hata jina langu hajalitamka vizuri, ananiuliza: udhaifu wako ni upi?

Jamani!

Waswahili walishasema nyani haoni kundule. Sasa ninyi mnamwita nyani ofisini, mnamkaribisha kiti, halafu mnataka awaeleze kundu lenyewe lina rangi gani, tena kwa Kiingereza.

Kwetu Wakakwa jambo hili lina utaratibu. Kijana akitaka kuoa, wajomba wa binti hawamwulizi yeye kama ni mlevi. Wanapita kimya kimya kwa mama anayepika pombe ya kwete, wanauliza anadaiwa shilingi ngapi. Basi. Mshitakiwa haitwi kuwa shahidi wa mashitaka. Na barua ya mwenyekiti wa kijiji, LC1, ninayo kwenye bahasha, imegongwa muhuri, inasema mimi ni mtu mwema. Muhuri ule nimeulipia. Leo niupinge mwenyewe?

Zamani haikuwa hivi. Mwaka 2016, ndugu zetu wa Sudan Kusini walipomiminika na kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ikafunguliwa kule Yumbe, magari meupe ya mashirika ya misaada yenye antena ndefu yalijaa Arua, na ukijua Kiingereza pamoja na Kiarabu cha Juba ulikuwa nusu umeajiriwa. Tangu Marekani ifunge mfuko wa misaada mwaka 2025, nafasi ni chache na maswali yamekuwa marefu. Kwenye benchi tulikuwa kumi na mmoja, tukinong'onezana jibu moja: udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi. Watu kumi na mmoja wasiojua kupumzika, na hakuna hata mmoja mwenye kazi.

Nikalitoa hilo jibu. Mwenye miwani akaandika kitu kifupi mno, akasema: tupe mfano.

Mfano! Nikatafuta kichwani usiku wowote niliokesha nikifanya kazi, nikaupata mmoja tu, ule usiku mbuzi wa jirani walipoingia kwenye muhogo wetu nikawafukuza hadi alfajiri. Nikautoa huohuo. Wa kulia alicheka. Wa kushoto, kwa uso mkavu kabisa, akauliza mbuzi walikuwa wangapi.

Udhaifu wangu wa kweli naujua, msidhani siujui. Siwezi kumnyima ndugu. Na Mkakwa ndugu zake wako nchi tatu: huku Uganda, ng'ambo ya Oraba Sudan Kusini, na upande wa pili Kongo. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukumpunguzia mtu hata binamu mmoja. Sasa mtu anayeomba kazi ya kugawa mafuta na maharage atamke hilo mbele ya mwenye ghala?

Nimerudi nyumbani, nimemsimulia shangazi. Hakucheka. Aliweka chini ungo wa mtama, akauliza, "Mwanangu, kwa nini hawakuniita mimi?" Kisha akaanza: ninaanza mambo simalizi, nikishiba nalala, nakopa sukari narudisha pungufu, lile jembe la marehemu mjomba mpini niliuvunja mimi nikamsingizia mtoto. Alipofika la tisa niligundua anahesabu kwa vidole na mkono wa pili bado una nafasi.

Ubaya ni kwamba tangazo la kazi bado liko mezani, na chini yake pana namba ya simu ya ofisi. Shangazi anasema si vizuri watu wazima kujibiwa nusunusu, atawapigia awamalizie. Simu yake imezima tangu jana jioni. Chaja ninayo mimi, iko ndani ya gunia la muhogo, na tafadhali asiambiwe.