Funga Programu au Subiri

Simu haigandi ukiwa peke yako chumbani, umejilaza, unaperuzi bila haraka. Inangoja upate hadhira. Itaganda kondakta akiwa amenyoosha mkono wa nauli, au bosi akisubiri umtumie faili. Ukiwa na bahati mbaya kama ya baba yangu mdogo, itaganda msibani.

Ilikuwa hapa Mtoni, mitaa ya Kwa Azizi Ally. Wanaume tumekaa kwenye mikeka chini ya turubai, vichwa vimeinama, shehe anaomba dua. Kijana mmoja wa ukoo alikuwa amemtumia ba'mdogo video, na kidole cha ba'mdogo kikaigusa bila kukusudia. Ikafumuka singeli, ile ya kasi ambayo hata harusini wazee huomba ipunguzwe. Kabla hajaizima, picha ikaganda: mchezaji mguu mmoja juu, muziki unaendelea. Akabonyeza kitufe cha kupunguza sauti, kimya kikakataa kuja. Akaikalia simu, ikaongezeka besi. Shehe naye, mtu asiyekubali kushindwa, akapandisha sauti. Tukaitikia "Amina" tukijitahidi tusifuate mdundo.

Ba'mdogo hakuwa na kosa. Ndani ya programu, kazi ya kuchora kioo na kusikiliza kidole hupita njia moja, na sauti hupita nyingine. Ya kwanza ikiziba, picha husimama huku muziki ukiendelea. Vitufe vya sauti navyo hupitia kwanza kwa programu iliyoko mbele, na kama yenyewe imezimia, amri yako haifiki kokote. Android hungoja sekunde 5 hivi tangu kidole kikose majibu, halafu huleta ujumbe wenye chaguo mbili: "Funga programu" au "Subiri". Sekunde 5 zinatosha ukoo mzima kukugeukia.

Ujumbe huo ulitokea. Hakuna aliyeusoma, maana ba'mdogo alikuwa ameshatoka nje na simu yake, na nje kila mtu alikuwa na ushauri.

"Mzee, toa betri!"

"Betri za siku hizi zimefungiwa ndani, hazitoki."

"Basi toa laini."

"Imepata joto hiyo, ipepeeni!"

Wakaipepea. Singeli ikapigwa upepo, ikaendelea. Msafara ukaelekea kituoni kwa fundi simu, muziki ukitangulia. Fundi aliipokea bila kuuliza lolote, akashikilia kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kupunguza sauti, akatazama magari kwa muda. Simu ikazima. Alipotaja buku mbili, ba'mdogo akatoa bila kupatana, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe.

Ilipowaka, fundi akaichungulia ndani. "Mzee, simu imejaa. Una picha za 'Ijumaa Kareem' tangu enzi za Magufuli. Nifute?"

"Usifute. Zina dua."

Hapo ndipo ilipo shida ya simu nyingi za mtaani kwetu. Nafasi ni ndogo, memori ya kuendeshea programu ni ndogo zaidi, na makundi ya familia hayapumziki. Fundi alijaribu kulieleza hilo, lakini ba'mdogo aliondoka na somo moja tu: programu zifungwe. Siku hizi akimaliza kusoma ujumbe, anafagia programu zote kwa kidole. Akipokea simu, anafagia. Anafagia hata zilizokwisha kufagiwa, na bado analalamika kwamba chaji haikai.

Mwaka 2016 Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, aliulizwa kama kufunga programu kila mara kunasaidia betri. Akajibu kuwa hakusaidii. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa akiongoza Android kule Google, akaunga mkono. Programu iliyotulia nyuma mara nyingi haili kitu cha maana. Ukiifukuza, simu italazimika kuianzisha upya utakapoihitaji. Ni kama kondakta ashushe abiria wote Kwa Azizi Ally, kisha awapakie walewale Mtongani, halafu ashangae mafuta yanakwenda wapi.

Ya kufungwa ni ile iliyoganda, basi. Ikigoma, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, itafute kwa jina, uilazimishe kusimama. Jirani na hapo kuna pa kufuta akiba, pasipo na madhara makubwa. Kuna pia pa kufuta data. Shemeji yangu alipabonyeza kwa hasira, na programu aliyoishi nayo miaka ikamuuliza yeye ni nani.

Kuna usiku ambao hata ujuzi huu hauna msaada. Mita ya Luku inalia, uniti zimebaki za kuhesabu, na programu ya pesa imeganda kwenye duara linalozunguka. Hapo sote nyumbani tunamgeukia bibi mwenye kitochi. Menyu za nyota na reli hazihitaji programu yoyote kufunguka. Mtandao ukiwepo, zinakuja. Bibi anavaa miwani, anabonyeza mwenyewe, ujumbe unaingia, anasoma tarakimu 20 za tokeni kwa sauti ya kutangaza matokeo, nami nazipiga kwenye mita.

Uniti zikiingia, anatoza hela yake pamoja na mia tano ya makato, ambayo mtandao haukumkata. Nikimwambia nitamrushia programu ikifunguka, anafunika kitochi chake kwa khanga.

"Taslimu, mjukuu wangu. Hiyo simu yako siijui tabia."