Viatu vya Mbio kwa Altezza ya Songea

Siku fundi atakapoinama nyuma ya Altezza yako, apitishe kiganja juu ya tairi kama anayempapasa mtoto kichwani, kisha aseme neno moja tu, "Kipara," usibishane naye. Nyoosha mgongo, tazama milima ya Matogoro kwa sekunde chache kama mtu mwenye mambo makubwa, halafu mjibu kwa utulivu kwamba matairi ya kawaida huyataki. Unataka ya mbio.

Mwongozo huu unaanzia hapo. Umeandikwa na mtu aliyeivisha Altezza yake viatu mara tatu ndani ya miaka minne, hapa hapa Songea, na mara zote tatu alikuwa na uhakika.

Kabla ya kwenda dukani, jaza kichwa sifa za gari. Toyota walianza kuiuza Altezza mwaka 1998, na msimu ule ule ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani. Yenye jina la RS200 ina nguvu za farasi 210 kutoka kwenye injini ya lita mbili isiyo na turbo. Kama yako ni AS200, yenye farasi 160, usimwambie mtu. Bandika nembo ya RS kwenye buti na uombe asije jirani mwenye sikio la kutambua mlio wa pistoni sita. Ukizikariri sifa hizi vizuri hutakumbuka tena kwamba kati ya lami na geti lako kuna mita 600 za udongo mwekundu na kalvati lililokatika tangu masika. Kumbukumbu ya namna hiyo humharibia mtu uchaguzi.

Sasa soma maandishi ya ubavuni. Kwa Altezza iliyovaa vizuri yatakuwa 215/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hizo unazijua, ndizo unazozitaja kijiweni. Ya katikati ndiyo haitajwi. Inasema kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake. Piga hesabu, unapata milimita 97. Nenda stendi, agiza chai, isimamishe glasi mezani. Kimo cha glasi hiyo ndicho chote kilichopo kati ya rimu yako ya aloi na Mkoa wa Ruvuma.

Waliobuni ubavu mfupi hawakuwa wajinga. Ubavu mfupi haujikunji kwenye kona, kwa hiyo gari linatii usukani papo hapo, na dereva anajisikia ameshikana mkono na lami. Hesabu yao ilidai kitu kimoja tu: lami iwepo. Wamatengo wa Mbinga, jirani zetu, wana sifa ya kuchimba ngoro kwenye miteremko, yale mashimo yaliyopangwa kama sega la asali ambayo hutunza maji ya mvua na kuzuia udongo usichukuliwe. Wataalamu wa kilimo wamekuja kuyasoma na kuyaandikia vitabu. Siku hizi utaalamu huo umeshuka mlimani ukaingia barabarani, na maji yanatunzwa vizuri kweli kweli, ila hakuna aliyepanda kitu.

Mimi shimo langu nililipata jioni moja nikitoka Peramiho kwenye harusi. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, maji yametuama, barabara yote inang'aa kama kioo na kila kitu kinaonekana tambarare. Nikasikia mlio kama wa sufuria tupu iliyogongwa kwa mwiko. Gari likaendelea kwenda, nami nikaendelea kupiga soga, kwa kuwa abiria wangu alikuwa shemeji na sikutaka aone uso wangu.

Asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja wa pancha. Ana kibanda cha mabati, kompresa inayokohoa, na beseni la maji ya sabuni lisilobadilishwa maji ila kwa mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka Peramiho," akasema kabla sijafungua buti. Sikuwa wa kwanza wiki ile.

Akalitoa tairi, akalipitisha kwenye beseni. Hapakutoka hata povu moja. Nikapumua. Yeye hakupumua, aliligeuza ubavu juu na kunionyesha nundu iliyovimba kama nusu ya yai la kuku. Ndani ya ubavu wa tairi mna nyuzi zilizofumwa kama kitambaa, na hizo ndizo zinazobeba upepo, mpira ni ngozi tu. Rimu ikilibana tairi kwenye ukingo wa shimo nyuzi zinakatika, upepo unausukuma mpira nje, na nundu inazaliwa. Inaweza kukaa mwezi. Inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona za Lukumburu, kulia kwako genge, mbele yako lori la makaa ya mawe.

"Ziba basi, mzee," nikamwambia.

"Mwanangu, pancha ni tundu. Huu ni ugonjwa."

Kisha akaiviringisha rimu kwenye sakafu ya saruji. Ilikwenda ikiyumba kama mtu anayetoka kilabuni, ikaegemea kompresa. Rimu ya chuma ingepigwa nyundo ikanyooka. Ya aloi ukiilazimisha huweza kupasuka, na hata ikinyooka machoni, nyufa huwa umezipeleka ndani.

Usikate tamaa. Mwongozo huu unakutaka ununue tena kipimo kile kile, kama nilivyofanya mimi.

Baada ya namba hizo hufuata nyingine na herufi, tuseme 87W. Herufi ndiyo ya kumsomea mkeo. W maana yake tairi limejengwa kuhimili kilomita 270 kwa saa. Kutoka Songea hadi Makambako ni kama kilomita 300, kwa hiyo kwa mujibu wa tairi lako utatumia saa moja na dakika chache. Umbali huo huo, kwa mujibu wa malori, matuta, rasta, na kila kijiji chenye kibao cha 50 na askari mwenye tochi chini ya mwembe, unakula nusu ya mchana. Faini ya mwendokasi ni shilingi 30,000, na haina punguzo kwa wenye matairi ya W. Herufi H inahimili 210, T inahimili 190, na zote mbili ni zaidi ya utakachokitumia maishani, lakini utamwambiaje mtu kijiweni kwamba umenunua T?

Ile 87 ni uwezo wa kubeba: kilo 545 kwa kila tairi. Ipitie haraka, sisi tuna gari la mbio. Ila msimu wa mavuno shemeji akipiga simu kwamba ana lumbesa tatu za mahindi Namtumbo na "gari lako si lipo tu," kumbuka kwamba lumbesa haijawahi kuwa kilo 100, na kwamba ubavu wa milimita 97 chini ya mahindi unakuwa wa milimita chache zaidi ya aibu.

Twende kwenye majina. Hapa Songea tusiambiane uongo: Michelin, Bridgestone na Yokohama ya mbio kwa kipimo chako huenda ikabidi uyaagize Dar es Salaam, yaje kwenye buti la basi. Ni safari ya karibu kilomita 1,000, na tairi la mbio huimaliza bila kuchubuka hata kidogo. Itunze picha yake siku hiyo. Yanayopatikana karibu ni mengine, yameandikwa "Sport" au "Racing" kwa herufi nyeupe, na muuzaji atakuhakikishia kwamba maandishi hayo yanashika barabara. Mji huu una makumbusho ya Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907. Kama kuna watu wanaopaswa kuuliza dawa imejaribiwa wapi kabla ya kuipaka, ni sisi.

Kinachoshika barabara ni ulaini wa mpira. Matairi mengi yana neno TREADWEAR ubavuni na namba mbele yake. Kwa kawaida lenye 200 ni laini, linang'ang'ania lami na kwisha upesi kama kifutio cha mtoto wa darasa la pili. Lenye 500 ni gumu, linadumu, na ndilo walilofunga madereva wa teksi ambao hujawahi kuwaomba ushauri.

Nakiri sikuwahi kuisoma namba hiyo dukani. Mara ya pili niliponunua, nilisoma bei tu. Lilikuwa duka dogo, matairi yamepangwa nje tangu asubuhi, yamepakwa dawa yanang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Mapya kabisa bosi," kijana akaniambia. "Hayajatembea hata mita moja."

Alisema kweli. Hayakuwa yametembea popote kwa miaka mingi, yalikuwa yamekaa juani. Mwishoni mwa mlolongo unaoanza na herufi DOT kuna namba nne ndani ya kiduara. Ikisomeka 0814, tairi lilitoka kiwandani wiki ya nane ya mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Hukauka, ukawa mgumu, ukafanya nyufa nyembamba kwenye mifereji, na dawa ya kung'arisha huzifunika nyufa hizo hadi mvua ya kwanza. Bonyeza kwa ukucha: mpira mzima unakubali kidogo na kurudi, uliozeeka unabaki unakutazama. Namba hizo mara nyingine huwa upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati iliyopangwa vizuri upande huo ndio unaotazama ukuta. Mwombe kijana aligeuze. Mimi niliona haya kumsumbua.

Kuhusu idadi, kejeli naiweka pembeni kwa aya hii moja. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Desturi yetu ni kununua mawili, kuyafunga mbele ili usukani uwe mzuri, na kuviacha vipara nyuma. Tairi la mbele likiteleza gari linakwenda mbele bila kukata kona, na dereva yeyote anajua kupunguza mwendo. La nyuma likiteleza, mkia unakuja mbele, na utaona ulikotoka bila kugeuza shingo. Mvua zetu hunyesha Novemba hadi Aprili, vumbi na oili vikilowa siku ile ya kwanza lami inakuwa kama mlenda. Kama fedha inatosha mawili tu, mapya yafungwe nyuma. Yawe jozi, ya aina moja, na mshale wa ubavuni uelekee mbele. Nimewahi kutembea wiki mbili na mshale mmoja unarudi Makambako.

Upepo usipimwe kwa teke. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva pana karatasi ya Kijapani ambayo hujawahi kuisoma kwa kuwa ni ya Kijapani, lakini tarakimu zake ni hizi hizi zetu: ikisema 220 kPa, ni pauni 32. Pima asubuhi kabla tairi halijapata moto. Ubavu mfupi ukipungukiwa upepo huwa hauna cha kupunguza tena, na shimo linapiga rimu moja kwa moja.

Mara ya tatu nilirudi kwa yule mzee wa pancha kabla ya kwenda dukani. Nilimweleza farasi, tuzo ya Japani, W na kona. Alisikiliza mpaka mwisho huku akinoa kisu chake cha kukatia mpira, kisha akaniuliza swali moja: "Mwanangu, gari linalala wapi?"

Nikamtajia mtaa. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Alichonifungia ni 205/55R16, juu ya rimu za mtumba tulizozijaribu kwanza kuona kama hazigusi breki. Kipenyo chote cha gurudumu kinapishana na kile cha zamani kwa milimita saba hivi, kwa hiyo spidomita haidanganyi zaidi ya ilivyozoea, na ubavu umeongezeka hadi milimita 113. Ni nyongeza ya upana wa kidole kimoja kinene. Mwaka mzima umepita na sijaona nundu. Kona za Lukumburu nazipita kwa mwendo ule ule niliokuwa nikizipita na zile za mbio, maana mbele yangu daima kuna lori. Kijiweni wamegundua. Wananiuliza kama Altezza imestaafu, nami nawajibu kwamba imehamia Songea.

Kwa msomaji aliyefika hapa na bado anataka 215/45R17: ninazo rimu nne za aloi za inchi 17, nyeusi, zimepigwa rangi upya. Tatu zimenyooka. Bei tutaongea.