Kushangaa Kwa Kuchagua

Hapa Mbinga, kijana mwenye simu nzuri hashangai hivi hivi. Anachagua kwanza. Ana "wau", ana "omaigodi", ana "siriasi?", na kila moja, naambiwa, ina mahali pake. Jambo linamfika, yeye bado anapekua.

Mwalimu wangu wa elimu hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyekuja kutoka Dar es Salaam msimu wa kahawa kutusaidia kuvuna, hasa kwa maneno. Nilikuwa nimeshika karatasi ya malipo ya AMCOS, ushirika wetu wa wakulima, makato yamepanga foleni kutoka juu mpaka chini. Nikasema, "Makubwa!" Akanisahihisha: "Hapana mjomba, hapo unasema 'am konfyuzidi'." Nikamuuliza, je, kama nimeielewa vizuri sana, ila hela ndiyo siioni? Akafikiri. "Basi hapo ni 'am shokidi'." Sijui wenye makato wataziogopa vipi hizo mbili.

Tukateremka naye Mbamba Bay kununua samaki. Lami ile ya kilomita 66 imemaliza habari za kulala njiani, na Ziwa Nyasa linapojitokeza kule chini, hata mimi niliyezaliwa huku huwa nanyamaza. Yeye akasema "wau". Sawa, hapo nilimsamehe. Lakini ufukweni mama muuzaji akamtajia bei ya mbasa mmoja, bei ya kumkomoa mgeni, na kijana akasema "wau" ileile! Mama akajua samaki kasifiwa. Hakupunguza hata shilingi. Mtu mzima angeguna "Mh! Mama, huyo mbasa au mbuzi?" na hapo maongezi yangeanza. Ndivyo tulivyonunua mbasa kwa bei ya watalii, kwa hela yangu.

Nikamwambia, mwanangu, pwani hii hii kuna mtu alishawahi kushangaa vizuri. Liuli, wakati huo Wajerumani wakiiita Sphinxhafen, tarehe 13 Agosti 1914. Kapteni Berndt, Mjerumani, meli yake Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, anasikia mzinga. Anayepiga ni Rhoades, Mwingereza wa meli ya Gwendolen kutoka Nyasaland, rafiki yake wa kunywa naye. Huku habari za vita zilikuwa hazijamfikia Berndt. Inasimuliwa kwamba alirukia mashua ndogo, akaenda hadi kwenye Gwendolen huku akitukana, akamuuliza mwenzake kwa Kiingereza cha kuokoteza kama amelewa. Akashikwa mateka papo hapo. Huyo alichanganyikiwa na kushangaa kwa pamoja, na hakuna aliyepata shida kumwelewa.

Mpwa wangu akasema, "Siriasi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wau."

Yote hayo ningeyavumilia, kama si habari ya ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Tulikuwa mlimani tunang'oa maharage, yeye kasimama ndani ya shimo la ngoro, miguu haionekani kwa majani. Nyoka akapita ukingoni. Kijana akasema "omaigodi", taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa keki ya harusi. Hakuna aliyeinua kichwa. Bibi yake, aliyekuwa shimo la jirani, ndiye aliyemwona yule nyoka na kupiga yowe lililoshuka bonde lote. Watu walitoka hata upande wa pili wa mlima, na majembe yao, na mmoja na sufuria, sijui ya nini. Nyoka mwenyewe alikimbia, nadhani kwa lile yowe.

Baadaye nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele. Akasema alikuwa bado hajajua kama ni "omaigodi" au "wati".

Basi nyinyi dada zangu mlioko mjini, kabla hamjawapakia watoto basi la Songea, wafundisheni kelele moja tu ya kuita watu. Huku nyoka wapo kweli.