Mumunye la Kuoka kwa Wasio na Oveni

Kwanza kabisa, usinunue oveni. Mabibi zetu wa Likoni na Kisauni walioka mkate wa mayai kwa kupalia makaa juu na chini, na mkate haukuuliza oveni iko wapi. Mumunye nalo halitauliza.

Nenda soko la Kongowea asubuhi, mboga hazijanyauka. Chagua mamumunye 4 machanga, marefu kama kiganja chako. Lililo kubwa limejaa mbegu na nyuzi. Mwachie mtaka kibuyu. Zukini nazo zafaa, ukiiweza bei.

Nyumbani, kata kipande kidogo cha kila mumunye uonje kibichi. Kikiwa kichungu, tupa lote, hata kama pesa yako inakuuma. Uchungu ule ni sumu inayopatikana katika jamii ya maboga. Huvuruga tumbo, na moto hauiondoi.

Yapasue kwa urefu, ukombe nyama ya ndani kwa kijiko bila kutoboa ganda. Nyunyiza chumvi, kisha yafudikize robo saa. Hatua hii wengi huiruka, halafu wanashangaa wameandaa supu. Mumunye ni maji zaidi ya asilimia 90. Yasipotoka sasa yatatoka sahanini, mbele ya wakwe.

Kaanga kitunguu, thomu, tungule 2 na bizari ya pilau. Tia nyama ya kusaga robo kilo pamoja na ile uliyoikomba, mpaka ikauke. Ongeza kiporo cha wali, dania na ndimu. Waarabu wa Shamu hujaza kusa yao, aina ya zukini, mchele mbichi, nao ni mafundi, lakini wao huitokosa ndani ya mchuzi mwingi. Sisi hatuna mchuzi wa kuivisha mchele, basi wali uwe umeshaiva.

Jaza, panga kwenye sufuria pana, mwagia tui zito. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko wa bati: tui huungua upesi, na rangi ya dhahabu hushuka kutoka juu. Ukigeuza hesabu hiyo utakula masizi. Wala usifunue kila jirani anapopita kunusa. Joto litakimbia na majivu yataingia. Baada ya nusu saa ondoa makaa kwa koleo, funua, choma kwa kisu. Kikipenya bila kusukumwa, epua.

Liache dakika 10 tui lishikane, ndipo upakue kwa chapati. Watoto wakiapa hawali mumunye, wape bila kulitaja jina.