Kutu Haihongeki

Wako wanaosifu mlio wa injini ya Subaru, na wako wanaomsifu Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns, aliyeshinda mwaka 2000 kwa gari la aina hiyo hiyo. Sifa hizo ni za haki na zimeandikwa vya kutosha. Mimi nataka kuisifu kutu. Katika Suna nzima, kuanzia stendi ya Migori mjini hadi gereji za jua kali zilizo kando ya barabara ya Isebania, hakuna anayelijua gari kama inavyolijua kutu. Mwenye gari ana mapenzi, dalali ana kamisheni, fundi ana njaa. Kutu haina haja na mtu, na ndiyo maana ushuhuda wake unaaminika.

Tuchukue Impreza WRX STI, gari ambalo kijana wa Migori yuko tayari kuuza ng'ombe na ploti ili alipate. Tunalipenda kwa sababu magurudumu yote manne yanavuta, na mvua ya Aprili inapoigeuza njia ya Nyatike kuwa utelezi, lenyewe linapita. Lakini Wajapani wa Hokkaido, Aomori na Niigata walilipenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwao utelezi ni wa theluji, na theluji huondolewa kwa chumvi. Zamani walitumia matairi yenye misumari, yakachimba lami na kujaza miji vumbi, hadi mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuyazuia. Baada ya hapo chumvi ikabeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo sifa inayolifanya gari hili litamanike huku ndiyo iliyolipeleka kule kwenye chumvi, msimu baada ya msimu, kabla hata halijapanda meli ya Mombasa.

Kazi ya chumvi ni ya kitaalamu na inastahili kuelezwa kwa heshima. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huanza. Hilo linajulikana kwa kila mwenye jembe. Chumvi inapoingia, maji yanapitisha umeme vizuri zaidi, na kuoza kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine. Kloridi ya kalsiamu, ambayo nayo hutumika barabarani wakati wa baridi, ina kipaji cha ziada: hunyonya unyevu kutoka hewani. Ikijificha ndani ya kingo za chini za milango au kwenye maungo ya chesi, haihitaji theluji tena. Unyevu wa Migori unaitosha. Gari limeshavuka bahari, limepewa namba ya Kenya, limepigwa rangi hadi linang'aa, na ndani yake baridi ya Aomori bado inaendelea na kazi.

Karatasi haziwezi kushindana na uaminifu huo. Kwenye mnada wa Japani mkaguzi huchora gari na kuandika herufi: S mahali penye kutu, C mahali ambapo bati limeanza kuliwa. Ni utaratibu mzuri. Lakini karatasi ile mara nyingi hupotea njiani, na inayomfikia mnunuzi wa tatu au wa nne huku Suna ni logbuku na maneno matamu. Sheria yetu ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza inahesabu miaka, haihesabu majira ya baridi. Gari la miaka 5 lililolala nje Hokkaido linaweza kuwa limechoka kuliko la miaka 12 lililokulia ndani ya gereji, mbali na theluji na bahari. Kutu peke yake ndiyo inayotunza rekodi hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kuifuta kwa kalamu.

Nasi tunaisaidia. Ziwa Victoria lina maji baridi yasiyo na chumvi, na hiyo ni neema. Gari la Muhuru Bay halisumbuki kama la Lamu au Mombasa, ambako upepo wenyewe una chumvi. Ila tuna matope. Udongo wa barabara za Macalder na Sori hujibana nyuma ya tairi, pale bati la nje na la ndani yanapokunjwa pamoja, na hubaki na unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Proboksi zinazobeba samaki wa barafu hudondosha maji kwenye sakafu ya buti kutwa nzima. Subaru hazibebi samaki, lakini wenye nazo huosha milango na rimu, wakaacha matope ya juu ya tairi kwa kuwa hakuna anayeyaona.

Kutu huyaona. Nenda na fundi wa bodi anayeijua kazi yake, mtazame akifika kwenye gari la kuuzwa. Haanzi na boneti. Anainama nyuma, anapitisha kidole ndani ya ukingo wa bati juu ya tairi la nyuma, taratibu, kuanzia mbele hadi bampa. Akikuta vipele chini ya rangi anasimama hapo. Rangi imeinuka kwa sababu kutu inahitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma. Kisha anatoa sumaku ndogo mfukoni. Juu ya bati sumaku inanasa kwa mlio mkavu. Akiisogeza sentimeta chache inalegea, inateleza, inaanguka mkononi mwake. Hapo ndipo anasema, kwa sauti ya kumhurumia mwenye gari: "Omera, hapa hakuna bati. Ni fila na rangi." Baadaye atafungua zulia la buti aangalie minara ya shoki za nyuma, maana Impreza za zamani huoza hapo, na mnara wa shoki ukioza gari halina tena kitu cha kushikilia mbio zake.

Nazisema sifa hizi kwa moyo wote kwa sababu nimeona tunavyoitendea kutu. Tunaifunika. Fila inapakwa juu ya bati bovu, inapigwa msasa, inapigwa rangi, na ugonjwa unabaki ndani ukiwa umefungiwa na maji yake. Lami nyeusi ya chini ya gari inapakwa juu ya kutu bila kuikwangua, na ikipasuka kidogo tu inakuwa mfuko wa kuhifadhi unyevu. Wengine hupuliza oili chafu. Kweli, oili inazuia maji kwa muda, lakini inakula bushi za mpira, na inayobaki inaoshwa na mvua hadi Mto Migori, ambao unaungana na Mto Kuja na kuingia ziwani. Tunaokoa bati la gari moja kwa kutia sumu maji ambayo watu wanachota. Hapo sikubaliani na mtu yeyote, hata kama gari ni la Colin McRae mwenyewe.

Ukiitendea kutu kwa haki, nayo inakutendea kwa haki. Masharti yake hayajabadilika tangu chuma kianze kufuliwa. Inataka maji safi chini ya gari, hasa juu ya matairi na kwenye kingo za chini, mara tu unaporudi kutoka kwenye matope na si siku ya Jumapili kwa ajili ya picha. Inataka vitundu vya kutolea maji chini ya milango viwe wazi. Waya mwembamba unatosha kuvizibua. Inataka gari likauke kabla ya kufunikwa turubai, maana turubai juu ya gari lenye maji ni kuifungulia kutu mlango. Bati lililokwanguka linataka likwanguliwe hadi chuma kitupu, lipakwe praima, kisha rangi. Ndani ya maungo, mahali pasipofikiwa na brashi, inapulizwa nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu. Ukifanya haya, kutu inasimama. Haiondoki, lakini inasimama, na si wakaguzi wengi unaoweza kusema hivyo juu yao.

Kuna watu wanaotumia fedha nyingi kwa spika za buti na ekzosi inayoamsha mtaa, na hawajawahi kulitazama gari lao kutoka chini. Simlaumu kijana kwa kupenda sauti. Lakini fedha ya spika hizo ingetosha kuokoa bati la gari zima. Kutu inaujua mpangilio huo wa mambo na inautumia. Inaanzia mahali ambapo macho hayafiki. Kwangu mimi hilo ni funzo kubwa kuliko lolote linalotolewa kwenye shule za udereva, ambako hutasikia hata siku moja neno kuhusu ukingo wa chini wa mlango.

Na muda hautusubiri. Mwaka 2019 Subaru ilitangaza toleo la mwisho la WRX STI lenye injini ya EJ20, magari 555 tu kwa soko la Japani. Kwa sheria yetu ya miaka 8, dirisha la kuingiza hata haya ya mwisho ni jembamba. STI zitakazokuwa zikipita kwenye daraja la Migori miaka 10 ijayo ni zile zile zilizopo leo, zinazopokezwa mkono kwa mkono, zikiwa na chumvi zilizokuja nayo na matope tuliyoziongezea. Injini inaweza kufunguliwa ikafungwa upya. Gia boksi hupatikana. Bodi iliyooza kwenye minara na maungo haina duka lake, na welda wa kweli atakuambia hivyo kabla hajawasha mashine.

Kwa hiyo wewe unayehesabu fedha za kununua Impreza mwezi huu, nenda mchana, siku kavu. Chukua tochi na sumaku, mlipe fundi wa bodi nauli yake, na uombe gari liinuliwe kwenye rampu. Toa zulia la buti. Pitisha kidole ndani ya bati la nyuma, pande zote mbili. Mwenye gari akikukataza hata moja kati ya hayo, mwage kwa heshima, ufunge fedha zako, upande matatu urudi nyumbani.